Virusi vyangu havionekani tena. Kwa nini kliniki inaendelea kunipima mambo mengine?

"Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 46, ninauza viazi Makambako. Nimetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI (VVU) kwa miaka 11 bila kuacha, na vipimo viwili vya mwisho vya wingi wa virusi vilionyesha havionekani. Nilizoea kuchukua dawa za miezi sita na kuondoka ndani ya nusu saa. Safari hii walinipima presha na sukari, wakaniuliza kama nakohoa, kama nakunywa pombe, kama nina huzuni, halafu nesi akasema kwa sauti, watu wakisikia, kwamba nivuke chumba cha pili nikapimwe mlango wa kizazi kwa siki. Niliogopa, nikasema nitarudi siku nyingine. Sokoni wanasema siki ile inaunguza, na ukikutwa na doa unatolewa kizazi. Mume wangu, ambaye anaijua hali yangu, anasema nikikutwa na kirusi cha saratani basi nimetoka nje ya ndoa. Je, dawa zimeanza kushindwa? Nikikataa vipimo hivi nitanyimwa dawa? Pia nina binti wa miaka 12 ambaye shuleni wanataka kumchanja, nikubali?"

Marahaba, mama. Nianze na lile linalokunyima usingizi: dawa zako hazijashindwa. Kama zingekuwa zimeshindwa, kipimo cha wingi wa virusi ndicho kingesema, na ungeitwa mapema kwa ushauri wa umezaji wa dawa na kupimwa upya, wala usingeelekezwa kwenye chumba cha kupima mlango wa kizazi. Na hapana, hutanyimwa dawa kwa sababu umekataa uchunguzi. Dawa za kufubaza virusi ni haki yako, na uchunguzi mwingine hufanywa kwa ridhaa yako. Hata hivyo nakuomba usome hadi mwisho kabla hujaamua kukataa, kwa sababu nadhani ulichokikimbia siku ile ni sauti ya nesi zaidi ya kipimo chenyewe, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Serikali ilipoanza kutoa dawa hizi bila malipo mwaka 2004, kliniki zetu za tiba na matunzo zilikuwa na kazi moja iliyomeza nyingine zote, nayo ni kumzuia mgonjwa asife. Watu waliletwa wakiwa wamebebwa. Hakuna aliyekuwa na muda wa kumuuliza mtu wa namna hiyo kuhusu presha yake. Leo hali imegeuka. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba watu wazima wanaoishi na VVU nchini ni asilimia 4.4, lakini mkoa wetu wa Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Takwimu hizo hazina maana kwamba maambukizi mapya ndiyo yanayofurika kwetu peke yake. Sehemu yake ni kwamba watu waliokuwa wakifa sasa wanaishi, wanazeeka, wanasomesha watoto na kuuza viazi. Anayezeeka na VVU hupatwa na maradhi yale yale yanayompata jirani yake asiye na VVU, na baadhi ya maradhi hayo humpata mapema zaidi.

Wewe unaijua biashara ya viazi, kwa hiyo utanielewa nikisema hivi: mkulima anayepulizia dawa ya ukungu kila wiki anaweza kuwa na majani ya kijani kibichi, lakini dawa hiyo haimlindi dhidi ya mnyauko unaoingilia kwenye udongo na mbegu. Kipimo cha wingi wa virusi kinajibu swali moja tu, kama VVU amedhibitiwa. Hakijui chochote kuhusu mlango wa kizazi, mapafu, mishipa ya damu wala moyo uliochoka kwa huzuni. Hayo lazima yaangaliwe kila moja kwa njia yake, na mahali pa busara pa kuyaangalia ni pale ambapo tayari unafika kila baada ya miezi sita.

Sasa tuzungumzie mlango wa kizazi, kwa sababu hapo ndipo hofu yako ilipo na, kwa maoni yangu, ndipo penye faida kubwa kuliko vyote walivyokupima. Saratani hii ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake Tanzania. Husababishwa na kirusi kingine kabisa, kiitwacho HPV, ambacho huambukizwa kwa kujamiiana na ambacho karibu kila mtu aliyewahi kujamiiana hukutana nacho wakati fulani wa maisha. Aina zake ni nyingi; aina mbili, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizi. Kwa wanawake wengi kinga ya mwili hukifukuza kirusi hiki ndani ya mwaka mmoja au miwili bila wao kujua. Kwa wachache hubaki, hujificha kwenye chembechembe za mlango wa kizazi, huzibadilisha polepole, na baada ya miaka mingi mabadiliko hayo yanaweza kuwa saratani. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke ambaye kinga yake imedhoofishwa, hasa kwa VVU asiyetibiwa, inaweza kufupishwa ikawa miaka mitano hadi 10. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba mwanamke anayeishi na VVU yuko katika hatari mara sita zaidi ya kupata saratani hii kuliko asiye na VVU. Dawa unazomeza kwa uaminifu zinapunguza hatari hiyo, lakini haziiondoi, kwa kuwa HPV huenda ilikwisha kuingia na kukaa miaka kadhaa kabla hujaanza dawa.

Maana ya polepole hiyo ni kwamba tuna muda. Ni saratani chache sana zinazompa daktari miaka 10 ya kuzikamata kabla hazijawa saratani, na hii ni mojawapo. Ndiyo sababu WHO inashauri wanawake wanaoishi na VVU waanze kuchunguzwa wakiwa na miaka 25, mapema kuliko wengine wanaoanza wakiwa na miaka 30.

Kipimo chenyewe hufanyika hivi. Unalala kitandani kama mama anayepimwa baada ya kujifungua, mtoa huduma anaingiza kifaa kinachofungua uke ili aone mlango wa kizazi, anaupaka siki iliyozimuliwa yenye nguvu inayokaribia ile ya kachumbari, anasubiri dakika moja, kisha anatazama. Chembechembe zilizobadilika zina protini nyingi kuliko kawaida, na siki inapozigusa hugeuka nyeupe kwa muda, huku ngozi iliyo salama ikibaki na rangi yake. Basi. Siki hiyo haiunguzi. Unaweza kuhisi mwasho kidogo au ubaridi, na kifaa kinaweza kukubana ikiwa umekaza misuli kwa woga; mwambie mtoa huduma asimame kidogo, upumue, kisha aendelee. Usiende ukiwa katika siku za hedhi inayotoka kwa wingi, kwa sababu hatutaona vizuri.

Uvumi wa kutolewa kizazi nimeusikia tangu nilipokuwa kijana kazini, na nadhani naujua unakotoka. Zamani wanawake wengi walifika hospitali wakiwa na saratani iliyokomaa, wakafanyiwa upasuaji mkubwa au wakapelekwa kwenye mionzi katika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na waliobaki kijijini wakaunganisha kupimwa na kukatwa. Doa jeupe si saratani. Ni alama ya mabadiliko ambayo mara nyingi yanaweza kuondolewa siku hiyo hiyo, katika chumba hicho hicho, kwa kifaa cha joto kinachogusa eneo lililobadilika kwa muda mfupi, au kwa kifaa kinachogandisha kwa baridi kali. Kizazi kinabaki. Utaumwa kidogo kama maumivu ya hedhi, utatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa, na utashauriwa kupumzika kujamiiana kwa takriban mwezi mmoja ili kidonda kipone. Doa likiwa kubwa, au likiingia ndani ambako jicho halifiki, utapewa rufaa kwa daktari wa magonjwa ya wanawake, na hapo ndipo atakapoamua kama kipande kikatwe kwa uchunguzi zaidi.

Sitakuficha mapungufu ya kipimo hiki. Kinategemea jicho na uzoefu wa anayetazama. Mara nyingine doa hukosewa, na mara nyingine uvimbe wa kawaida hudhaniwa kuwa doa. Kuna kipimo bora zaidi, kinachotafuta vinasaba vya HPV yenyewe, na mwanamke anaweza hata kujichukulia sampuli kwa kijiti laini akiwa peke yake, jambo ambalo wengi wanalipenda. Uliza kama kituo chako kinacho. Kama hakina, usikae kukisubiri. Kwako kuna sababu ya ziada ya kutosubiri. Mwanamke anapokaribia kukoma hedhi, eneo ambalo mabadiliko huanzia hujivuta kuelekea ndani ya mlango wa kizazi, na kipimo cha siki hupoteza uwezo wake. Una miaka 46. Kipimo ulichokihofia leo kinafanya kazi vizuri kwako sasa kuliko kitakavyofanya ukiwa na miaka 53.

Kuhusu kauli ya mume wako, mwambie, au niruhusu nimwambie kupitia hapa: HPV inaweza kukaa mwilini kimya kwa miaka mingi kabla ya kuonekana. Kuikuta leo hakuonyeshi iliingia lini wala ilitoka kwa nani. Inaweza kuwa ya kabla ya ndoa, yako au yake. Kipimo cha siki, tena, hakitafuti kirusi kabisa, kinatazama ngozi. Mwanamume anayetumia majibu ya kliniki kama ushahidi wa zinaa anakitumia kipimo kwa kazi kisichoiweza. Ikiwa unahofia kwamba majibu yataleta ugomvi au kipigo nyumbani, mweleze mshauri nasaha kabla ya kipimo. Swali hilo nalo siku hizi ni sehemu ya huduma, na unaweza kupanga ni nini utasema nyumbani na lini.

Yale maswali manne unayoulizwa kila mara, yaani kikohozi, homa, kupungua uzito na kutokwa jasho usiku, ni ya kuchunguza kifua kikuu. Yanachosha, najua, na wapo wanaojibu "hapana" mara nne kabla swali la kwanza halijaisha. Lakini kifua kikuu kimeua watu wengi wanaoishi na VVU kuliko ugonjwa mwingine wowote, na hatari yake haishuki hadi kufikia ile ya mtu asiye na VVU hata virusi visipoonekana. Vimelea vyake hulala mapafuni miaka mingi vikisubiri kinga ilegee. Huku kwetu kuna mtego wa ziada: kuanzia mwezi wa sita baridi ya Makambako humfanya kila mtu akohoe, tunalala na jiko la mkaa karibu, na kikohozi kinapewa jina la baridi hadi mwezi wa nane. Kwa mtu asiye na VVU tunasubiri wiki mbili ndipo tushuku. Kwako, kikohozi cha muda wowote kinatosha kuomba upimwe makohozi. Na kama majibu yote manne ni "hapana" na hujawahi kupewa kinga tiba ya kifua kikuu, uliza kwa nini. Ni dawa ya miezi sita kila siku, au katika utaratibu mwingine mara moja kwa wiki kwa wiki 12, na hupunguza uwezekano wa vimelea hivyo kuamka. Huweza kuchosha ini na kuleta ganzi miguuni, ndiyo maana hutolewa pamoja na vitamini B6.

Presha na sukari nitazipitia haraka. Presha ikifika 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti, inahitaji matibabu, nayo haina dalili ya kukushtua. Dawa mnayotumia wengi sasa, ile ya kidonge kimoja yenye dolutegravir, ni nzuri sana kwa kufubaza virusi, ila baadhi ya watu huongezeka uzito wakiwa nayo, na mara chache sukari hupanda. Ukianzishiwa metformini kwa ajili ya kisukari mahali pengine, taja kwamba unatumia dolutegravir, kwa sababu dawa hizo mbili zikikutana metformini hupanda kwenye damu na kiwango chake huwekewa kikomo cha miligramu 1,000 kwa siku. Vidonge vya madini ya chuma, kalsiamu na dawa za kutuliza asidi tumboni navyo huizuia dolutegravir kufyonzwa. Imeze dawa yako saa mbili kabla yake au saa sita baada yake. Na niseme ukweli mmoja usiopendeza: dawa zako za VVU ni bure, lakini dawa za presha na kisukari mara nyingi hulipiwa. Ukigunduliwa, uliza mapema ipi ni ya bei nafuu na inayopatikana kila mwezi, kuliko kuandikiwa ya gharama ukaiacha baada ya wiki tatu.

Maswali ya pombe na huzuni ndiyo wateja wanayoyaona kama upekuzi. Ninawaelewa. Katika nchi ya ulanzi, ambako msimu wa mvua ukifika hata anayepita njiani anakaribishwa kikombe, kuulizwa na mtu mwenye kalamu kama unakunywa kunaonekana kama kushtakiwa. Anachotafuta mtoa huduma ni kujua kama kuna jioni ambazo dawa inasahaulika, kama ini lako litabeba kinga tiba ya kifua kikuu, na kama kinywaji kinaficha jambo lingine. Jibu kweli. Kwa jibu lolote utakalotoa, dawa utapewa. Huzuni nayo: kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda na kujiona mzito wa moyo karibu kila siku kwa wiki mbili ni ugonjwa unaotibika, hauonyeshi udhaifu wa imani, na nimeona watu waliokuwa hawakosi dawa miaka minane wakaziacha ndani ya mwezi mmoja wa msiba.

Sasa turudi kwa yule nesi. Alikosea. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya taarifa zako za afya, na kumtangazia mteja kipimo chake mbele ya foleni hakuendani na huduma hata kama kusudi lilikuwa jema. Kuunganisha huduma nyingi katika kliniki moja kuna faida ya kukuokolea nauli na siku za biashara, lakini kunaleta hatari hiyo hiyo iliyokupata: milango mingi zaidi, mikono mingi zaidi inayoshika faili lako, foleni inayosoma kila hatua yako. Mweleze msimamizi wa kliniki, au mpelekee malalamiko kiongozi wa konga la wilaya yenu, yaani mtandao wa watu wanaoishi na VVU, kama hutaki kusimama mwenyewe. Unaweza pia kupimwa mlango wa kizazi katika kituo kingine, kwenye kliniki ya afya ya uzazi ambako wanawake wote hupita, mradi tu urudishe majibu yaandikwe kwenye faili lako, maana kipimo kisichoandikwa kitarudiwa au kitasahaulika. Jambo la kuomba ni kwamba uchunguzi upangwe tarehe moja na ile ya dawa zako za miezi sita. Watoa huduma wazuri watakubali, kwa kuwa na wao hawataki kukuona kila mwezi bila sababu.

Kuna hali ambazo hazingoji tarehe, wala barua kwangu. Damu ikitoka baada ya kujamiiana, kati ya hedhi moja na nyingine, au baada ya hedhi kukoma kabisa, au uchafu wenye harufu usioisha, nenda wiki hiyo hiyo, tena sema kwamba unahitaji kuchunguzwa na daktari. Ukikohoa damu, ukipata maumivu makali ya kichwa pamoja na homa au shingo kukakamaa, ukibanwa kifua, au macho yakigeuka manjano ukiwa kwenye kinga tiba, nenda siku hiyo. Na ikiwa mawazo ya kujiua yatakujia, usilale nayo. Mwambie mtu aliye karibu nawe, mfuatane hospitali usiku huo.

Kuhusu binti yako, mkubalie. Tangu Aprili 2024 Tanzania inatoa chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14 kwa dozi moja, bila malipo, na inafanya kazi vizuri zaidi kabla msichana hajakutana na kirusi. Haimfanyi tasa na haimwanzishii mambo ya kikubwa. Kama naye anaishi na VVU, usiishie kwenye dozi ya shuleni: WHO inashauri watoto wa hali hiyo wapewe angalau dozi mbili, na tatu inapowezekana, kwa hiyo nenda naye kliniki siku ile ile utakayorudi kupimwa wewe, na kadi yake ya chanjo uwe nayo mkononi.